Supra ya 1996 au Alfa Romeo 4C: gari la kustaafu nalo Tabora

Ujumbe wa baba mdogo uliingia usiku: picha tatu na sentensi moja. Picha mbili zilikuwa za Alfa Romeo 4C nyekundu, gari lake mwenyewe, limeegeshwa mbele ya nyumba anayoishi Uingereza. Ya tatu ilikuwa Toyota Supra nyeupe aliyoiona kwenye tangazo la wauza magari wa Japani. Sentensi ilisema: "Mwanangu, mwakani tunarudi nyumbani moja kwa moja, niambie nije na lipi."

Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Ng'ambo, Tabora mjini. Kazi yangu ya kila siku ni Noah, IST, Probox na Mark II. Nakiandika kisa hiki kwa ukamilifu, kwa ruhusa yake, kwa kuwa nimeshaulizwa swali la aina hii na ndugu wengine walio nje, na kila mara nimejibu kwa haraka kuliko linavyostahili.

Nilimpigia asubuhi. Baada ya mwangaluka na habari za huko, nilimwomba anieleze gari litafanya nini hasa. Yeye na mama mdogo wanastaafu wote. Nyumba yao iko Ipuli, imeshapauliwa na ina umeme. Shamba liko Urambo, na kwa ajili ya shamba watanunua pikapu hapa hapa, hilo halina mjadala. Mama mdogo ni mtu wa Ujiji, kwa hiyo angalau mara mbili kwa mwaka watashuka Kigoma. Gari hili ni la jioni, la Jumapili, la safari ya wawili. Baba mdogo amependa magari ya milango miwili tangu akiwa kijana anayetembea kwa miguu kwenda shule, na kwa miaka yote hiyo nje amefanya kazi za zamu za usiku. Sikuona sababu ya kumwambia aachane na ndoto hiyo anunue Harrier kama wengine. Swali lake lilikuwa ni lipi kati ya mawili, nami nikalichukua hivyo hivyo.

Kwa upande wa kodi, 4C ilikuwa imeshinda kabla sijafungua boneti. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mtu anayehamia nchini kuja na gari lake moja bila ushuru, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko nje kwa miezi isiyopungua 12. Baba mdogo ana 4C hii kwa miaka kadhaa sasa. Usukani uko kulia, kama yalivyo magari ya Uingereza, kwa hiyo hata hilo halina tabu.

Supra ya kununua Japani haina kinga hiyo. Hesabu niliyompigia ni hii. Chukua gari ambalo bei yake, bima na nauli ya meli mpaka bandarini ni shilingi 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, unafika 125. Injini inayozidi cc 2,000 inatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10, na gari lililopita miaka kumi linaongezewa asilimia 30 kwa ajili ya umri wake. Jumla ni asilimia 40 juu ya ile 125, yaani 50, sasa uko 175. VAT ya asilimia 18 ni 31 na nusu. Unatoka na 206 na nusu, kabla ya tozo ndogondogo na usajili. Yaani unalinunua gari mara mbili na chenji juu. Na TRA inaangalia thamani iliyo kwenye mfumo wake, haitegemei risiti yako peke yake. Viwango vyenyewe hubadilika na bajeti ya kila mwaka, hivyo atakayesoma hapa aulize upya kabla ya kutuma hela.

Basi kwa nini sikumjibu siku ile ile kwamba apakie 4C?

Kwanza niseme wazi kwamba naliheshimu sana gari lile. Lilianza kutengenezwa 2013, kwenye kiwanda cha Maserati kilichopo Modena, na uzalishaji ukakoma 2020. Injini ni ndogo, cc 1,742, silinda nne na turbo, imelala nyuma ya viti, inatoa nguvu za farasi 240. Bila maji, oili wala petroli lina uzito wa kilo 895. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa linatumia sekunde 4.5. Usukani hauna pawa kabisa, na baba mdogo anasema hiyo ndiyo sehemu anayoipenda kuliko zote: kila kokoto unaliskia mkononi. Nimetazama video alizonirekodia akiwa barabarani na ninamwelewa.

Wepesi wote huo unatoka kwenye kitu kimoja. Pale ambapo magari yetu yana chuma kilichochomelewa, 4C ina beseni la kaboni faiba ambalo ndani yake ndimo wanamokaa dereva na abiria. Beseni lile lina kilo 65, pungufu ya gunia la mahindi. Mbele na nyuma yake zimefungwa fremu za alumini zinazobeba injini na miguu ya gari. Kwa uhandisi, ni kazi ya kuvua kofia. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia.

Tabora tuna mafundi bodi hodari. Nimeona Hiace iliyopinduka ikarudi barabarani imenyooka, milango inafunga kwa kidole kimoja. Chuma kina msamaha: kikipinda kinavutwa, kikichanika kinachomelewa, kikioza kinakatwa na kuwekwa kiraka. Kaboni haina tabia hiyo. Haipindi ikakuonyesha ilipoumia. Inabeba mzigo mpaka mwisho wake halafu inapasuka, na wakati mwingine ufa uko ndani ya matabaka, juu panang'aa kama kawaida. Kuukagua kunataka vifaa na watu waliosomea kazi hiyo hiyo. Fremu ya alumini ya mbele ikigongwa inafunguliwa na kuwekwa nyingine, sawa, lakini beseni likipasuka pale fremu inaposhika, gari limekwisha hata kama injini inaunguruma vizuri. Na gari lenyewe lina kimo cha milimita 1,183 tu. Mtu mzima akisimama kando yake, paa linamfikia chini ya kifua. Sasa lifikirie kwenye matuta yetu, mengine ambayo wananchi wameyajenga wenyewe usiku baada ya mtoto kugongwa, hayana rangi wala kibao.

Nilimuuliza baba mdogo: "Ukipanda jiwe kwenye mchepuko wa vumbi huko mbele ya Kaliua, chini pakalia, utajuaje kama umeumia?" Alikaa kimya. Akasema, "Huku ningelipeleka kwa wenyewe." Hapa wenyewe hawapo.

Jambo la pili ni giaboksi. 4C haina gia ya mkono. Ina giaboksi ya klachi mbili kavu, gia sita, zinazobadilishwa kwa presha ya pampu ya oili na kompyuta. Ikiwa nzima ni raha tupu. Lakini miaka michache iliyopita nililetewa gari dogo la Ulaya, la kampuni nyingine kabisa, lenye giaboksi ya jamii hiyo. Kasoro ilikuwa kwenye kitengo kinachoongoza klachi. Spea tuliiagiza nje, ikachukua wiki nyingi, ikafika, nikaifunga. Baada ya kuifunga, kompyuta ya gari inatakiwa ifundishwe upya mahali klachi inapoanza kushika, na mashine niliyokuwa nayo haikuweza kuingia huko. Gari lilikaa chini ya mwembe wangu miezi saba. Mwenye gari alikuwa mwalimu, alikuwa akipita kila Ijumaa kuliangalia, hanilaumu, anasalimia tu na kuondoka. Mwisho lilipakiwa kwenye lori kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Ile hali sijaisahau, na sikutaka kuirudia kwa baba yangu mdogo.

Tuje kwenye Supra. Ile aliyonitumia ni ya kizazi cha A80, kilichotengenezwa kuanzia 1993 hadi 2002. Watu wakisikia jina hilo wanafikiria turbo mbili na moto unaotoka kwenye ekzosi. Iliyokuwa kwenye picha haikuwa hiyo, ilikuwa SZ, isiyo na turbo, gia tano za mkono. Injini ni 2JZ-GE, cc 2,997, silinda sita kwenye mstari mmoja, nguvu za farasi 225. Bloku ni ya chuma cha kuyeyusha, zito, nene, na ndiyo maana injini hizi zinasifika kwa kustahimili.

Na hapa nataka nikae kidogo, maana ndiko liliko jibu. Hiyo 2JZ siyo mgeni Tabora. Iko kwenye Crown za miaka ile, iko kwenye Progres za lita tatu, iko kwenye Aristo. Brevis ya lita tatu inayo pia, japo ile ni 2JZ-FSE, ambayo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na ina pampu yake ya presha kubwa, kwa hiyo si kila kitu kinaingiliana. Mdogo wake, 1JZ wa cc 2,500, amejaa kwenye Mark II zinazopita mbele ya gereji yangu tangu asubuhi. Vipenyo vya silinda ni sawa, milimita 86, ila bloku ya 2JZ imepanda juu zaidi kwa milimita 14, na ndiyo maana mkanda wa taimingi wa 1JZ haukai kwenye 2JZ. Fundi asiyejua hilo atalazimisha. Fundi aliyewahi kufungua zote mbili anajua kwa macho. Mimi nimezifungua nyingi kiasi kwamba naweza kukuambia kwa sauti kama kinachopiga ni tapeti au ni bearing ya tensheni.

Supra ya 1996 ni ya kabla ya VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha majira ya valvu kwa kompyuta, na bado ina distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Kijana niliye naye gerejini, aliyejifunza kwa macho na mikono, anaifungua na kuifunga bila kuuliza. Ikikosa mlio, tunaanza na kofia ya distributa, waya za plagi, koili. Vitu vya kushika. Vikikosekana hapa mjini, simu moja Kariakoo na basi la usiku, kesho yake mchana viko mezani.

Sitaki nionekane natetea Toyota tu. Supra ina sehemu zake ambazo hakuna Mark II itakayokusaidia: taa za mbele na nyuma, bampa, boneti ya alumini, vioo, raba za milango. Vitu hivi vimekuwa adimu na ghali duniani kote kwa sababu gari limepata mashabiki wengi. Mwaka 2020 Toyota wenyewe walianza kutengeneza upya baadhi ya spea za Supra za A80 na za A70, kizazi kilichoitangulia, jambo linalotia moyo, lakini si kila kitu kimo. Boda boda akikupiga taa ya mbele pale mzunguko wa mjini, utalia.

Na kuna suala la mwinuko ambalo wengi hawalifikirii. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi zaidi, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Zile farasi 225 za Supra, hapa kwetu zinakuwa kama 198. Gari lenyewe lina kilo 1,400 na ushee. Kila farasi mmoja anakokota zaidi ya kilo saba. Kwenye 4C turbo inasukuma hewa yenyewe, haiumii hivyo, na kila farasi ana kilo nne hivi za kubeba. Kwa hiyo yakiwekwa sambamba pale barabara ya kwenda Nzega alfajiri, 4C itaondoka na Supra itabaki inatazama taa nyekundu. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza neno, kwa sababu ukimshauri mtu kuacha kitu lazima umwambie thamani kamili ya anachoacha.

Mengine hayakunichukua muda. 4C ina viti viwili na nafasi ya mizigo ya lita 110 nyuma ya injini, mahali panapopata joto. Samaki wa Kigoma hawafiki Tabora humo. Haina spea tairi, ina chupa ya povu na pampu ndogo. Povu linaziba tundu la msumari, haliokoi tairi lililopasuka ubavuni kwa jiwe. Supra ina tairi ndogo ya dharura, buti la kutosha mabegi mawili, na viti viwili vya nyuma ambavyo mtu mzima hakai lakini mjukuu wa miaka sita anakaa.

Jibu langu la kwanza kwa baba mdogo, basi, lilikuwa: uza 4C huko, agiza Supra Japani, lipa kodi, ukae kwa amani. Alilipokea, lakini niliisikia sauti yake imeshuka. Kodi ile ilikuwa ni sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Wiki nzima hakunipigia.

Aliyenipigia ni mama mdogo. Alianza kwa kuulizia watoto, akauliza mvua, halafu akasema: "Baba yako amenisimulia yote. Mimi nauliza kitu kimoja. Hizo Supra huku si zipo? Mbona naziona? Kwa nini inunuliwe Japani?"

Nilibaki na simu sikioni. Nilikuwa nimekokotoa kodi mpaka senti, na sikuwa nimeona lililo mbele ya macho yangu. Uingereza wanaendesha upande wetu, na kwa miaka mingi watu wameingiza Supra zisizo na turbo kutoka Japani, kwa sababu zile zilizouzwa rasmi kule zilikuwa za turbo. Walikuwa wamebakiza miezi 14 kabla ya kurudi. Sharti ni miezi 12. Akiuza 4C sasa, akanunua Supra huko huko, akaisajili kwa jina lake na kuiendesha kweli, siku ya kuhama inakuwa gari lake binafsi kama lilivyokuwa lile jekundu. Halali kabisa, na hakuna cha kuficha. Tahadhari ni moja: msamaha ni wa yeye kulitumia, akimuuzia mtu mwingine hapa ambaye hana haki hiyo, kodi inadaiwa. Naye hanunui gari la biashara.

Njia hiyo ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo ni chumvi. Wakati wa baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi ikiingia chini ya gari la chuma la mwaka 1996 haitoki. Kaboni ya 4C haina habari na kutu. Kwa hili Mwitaliano yuko salama kuliko Mjapani. Nikamwambia baba mdogo asiangalie rangi wala rimu, alale chini. Aangalie vizingiti vya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, mapaipu ya breki, na sehemu fremu ya nyuma inaposhikana na bodi. Agonge kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi.

Lipo jambo moja la kule ambalo natamani tungekuwa nalo. Gari lililozidi miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaoitwa MOT, na historia yake inasomeka mtandaoni bure kwa namba ya gari. Alikuwa ananitumia namba, nami nikiwa nimekaa kwenye benchi Ng'ambo nasoma kwa simu: mwaka huu kilomita kiasi gani, mwaka ule waliandika kutu kwenye paipu ya breki, mwaka uliofuata wakaandika tena. Supra ya kwanza ilikuwa nyeusi, inapendeza, na chini imepakwa lami mpya ya kuzuia kutu. Kwenye historia kutu iliandikwa miaka mitatu mfululizo, kisha ghafla ikatoweka. Lami ile ilikuwa inafunika. Tukaiacha. Ya pili ilikuwa na turbo iliyofungwa na mtu gerejini kwake, waya zimening'inia. Hiyo hata hakwenda kuiona.

Ya tatu ni fedha, ya 1996, SZ, gia tano. Iliondoka Japani mwaka 2018 ikiwa na karatasi yake ya mnada, na mwenye nayo alikuwa haitoi nje wakati wa baridi. Baba mdogo alilala chini yake dakika 40, mama mdogo akiwa ameshika tochi na simu ili nione. Kulikuwa na jasho la oili kwenye gasketi ya kava la valvu, bushi za nyuma zimechoka, na kiti cha dereva kimechanika ubavuni. Hayo yote ni kazi ya siku mbili kwangu. Chuma kilikuwa safi.

Siku mnunuzi wa 4C alipokuja kuichukua, baba mdogo aliomba aiendeshe mara ya mwisho mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Alinipigia baadaye, hatukuzungumza sana. Alisema injini yake ilikuwa nyuma ya sikio lake miaka yote ile na sasa nyumba imekuwa kimya.

Hati ya Supra ilitoka kwa jina lake mwezi wa tatu, na tunahesabu kuanzia hapo. Meli itakuwa ya kutoka Southampton, na kutoka Dar atalipandisha kwenye lori. Kwenye kontena la vitu vya nyumbani nimemwambia atafutie nafasi jozi ya taa za mbele, jozi ya taa za nyuma, kioo cha mbele kama atakipata, na raba za milango yote miwili. Mkanda wa taimingi, tensheni na pampu ya maji asibebe. Hivyo navipata hapa mjini.